Bibi wa Zamani Hakuwa Bubu

Waandishi wengi wa riwaya za kihistoria bado wanaamini kwamba mwanamke wa pwani wa karne ya 19 hakuwa na mali, kalamu wala kauli. Basi wanamwandika akilia nyuma ya pazia tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Si kweli, na inaniuma, kwa sababu ushahidi upo.

Mfumo dume ulikuwepo, tena mkali. Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, alifundishwa kusoma tu. Kuandika hakukuwa kwa wasichana. Akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipopanga kumpindua Sultani Majid, ndugu yao, binti huyo ndiye aliyeandika barua za njama. Hebu utazame mfupa ule: katazo na ujasiri vimekaa juu ya kitu kimoja. Riwaya ianzie hapo.

Kuhusu mali, sheria ya Kiislamu ilimpa binti urithi, ingawa nusu ya fungu la kaka yake, na chake kilibaki chake hata akiolewa. Salme mwenyewe alirithi mashamba. Na tusifiche: mashamba hayo yalilimwa na watumwa, wanawake wakiwemo. Kwao mlango wa nyumba ileile ulikuwa na maana nyingine kabisa, nao wanastahili kurasa zao.