Kabla hujapandisha karatasi za sahihi kwenye tovuti ya mtaa

Mtaa ukichoshwa na majitaka barabarani au kiwanja cha watoto kilichonyakuliwa, siku hizi kamati haiishii kwenye kundi la WhatsApp. Inafungua tovuti, na inafanya vyema, kwa sababu mwakilishi wadi na mwanahabari hupata picha, barua na tarehe zote mahali pamoja. Ninaandika kwa ajili ya kosa moja ninalokutana nalo tena na tena katika kazi ya kushauri vyama vya wakazi nchini Kenya kuhusu ulinzi wa data.

Ombi rasmi kwa bunge huambatanishwa na jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi ya kila anayeliunga mkono. Ni sawa, maana karani lazima ajue kwamba waliotia sahihi ni watu wa kweli. Kisha kamati, kwa nia njema kabisa, inapiga skani karatasi zote na kuzipandisha mtandaoni ili watu waone jinsi wakazi walivyojitokeza. Jirani yako alitoa sahihi yake kwa bunge. Hakuitoa kwa matapeli wa laini za simu, wala kwa mwenye jengo anayelalamikiwa, ambaye pengine ndiye anayempangisha nyumba. Chapisha ombi lenyewe, idadi ya sahihi na ukurasa wenye muhuri wa kupokelewa. Karatasi za majina zikae kabatini kwa katibu.

Vivyo hivyo kwa mhazini anayebandika picha za ujumbe wa M-Pesa kuthibitisha kuwa michango haijaliwa. Weka jumla na matumizi. Mwenye kutaka kukagua daftari aje alikague.

Hapa ndipo huambiwa: "Sisi ni kikundi kidogo, sheria haituhusu." Jamani, hilo si kweli, na nimechoka kulirudia. Kinachosamehewa ni usajili tu. Kanuni za usajili za 2021 humwondolea wajibu wa kujisajili kwa Kamishna wa Data yule ambaye mapato yake ya mwaka hayafiki Sh5 milioni na ana wafanyakazi chini ya 10. Wajibu mwingine wote chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 unabaki palepale. Tena msamaha huo una mipaka: anayetumia data kutafuta uungwaji mkono wa kisiasa kwa wapigakura lazima ajisajili, hata awe mdogo kiasi gani. Uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia, kamati itakayogeuza orodha yake ya wakazi kuwa orodha ya kumpigia debe mgombea itakuwa imeingia huko. Cheti cha usajili hudumu miezi 24, kisha huhuishwa.

Kuhusu adhabu, Kamishna anaweza kutoza hadi Sh5 milioni au, kwa shirika lenye mapato, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Makosa yasiyotajiwa adhabu mahususi hubeba faini ya hadi Sh3 milioni, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Msidhani haya ni maandishi tu. Mnamo Septemba 2023 shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo picha ile ya mtoto anayeruka mtaro wa majitaka, inayogusa moyo wa kila mtu, inahitaji idhini ya mzazi wake.

Data ya afya inataka uangalifu zaidi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipewa na mahakama fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020. Katika mapambano ya aina hiyo vipimo vya damu ndio ushahidi wenyewe, lakini vinapelekwa kwa wakili na mahakamani. Kwenye tovuti andika ni watu wangapi walipimwa na wangapi walikutwa na sumu, bila jina wala nambari ya nyumba.

Kinachofaa kujaza tovuti ni barua. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, afisa wa umma ana siku 21 za kujibu ombi lako la habari. Bandika barua yako na tarehe iliyopokelewa, kisha jibu likija. Lisipokuja, andika siku zilizopita.

Mwisho, anwani ya tovuti, hasa ile ya .or.ke, isajiliwe kwa jina la chama na kwa baruapepe ya chama. Kijana aliyewajengea akipata kazi Doha ataondoka na nywila, na siku jirani atakapotaka jina lake liondolewe hamtakuwa na mtu wa kuliondoa. Kanuni zinawapa siku 14 kumjibu. Na mkigundua data imevuja kiasi cha kuweza kuwadhuru watu inaowahusu, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72, zikihesabiwa tangu mlipojua, hata kama ni Jumamosi na mwenyekiti yuko ushago.