Je, kila pambano la Colosseum liliisha kwa kifo?

Wengi wanaoingia Colosseum, uwanja wa kale wa michezo mjini Roma, kwa ziara fupi ya kuongozwa huamini kwamba magladieta (wapiganaji waliopigana kuburudisha watazamaji) wawili wakishuka uwanjani, mmoja lazima atoke maiti. Imani hiyo ni ya miaka mingi, na filamu zimeikoleza.

Damu ilimwagika kweli, hilo halina ubishi. Lakini gladieta alikuwa mali ghali: alilishwa, alifunzwa, alitibiwa, na mara nyingi mwandaaji wa michezo alimkodi tu. Kitabu cha sheria cha Kirumi cha karne ya 2 kinatoa mfano wa mkataba: akitoka mzima, malipo ni denari 20 (sarafu za fedha za Kirumi), akiuawa au kulemazwa, denari 1,000. Kwa bei hiyo, nani angependa kuua kila mara? Aliyelemewa aliinua kidole kuomba asamehewe, na mwamuzi mwenye fimbo akasimamisha pambano.

Ushahidi unaonigusa zaidi uko makaburini. Jiwe moja lililopatikana Sicily linasema marehemu aliishi miaka 30 na kupigana mara 34: alishinda 21, akatoka sare 9, akashindwa na kusamehewa 4. Sare tisa!

Ukiwa kwenye ziara, muulize kiongozi, "Hilo tunalijuaje?" Akitaja jiwe au picha ya mozaiki, tafuta baadaye picha na tafsiri yake kwenye tovuti za makumbusho. Uliza pia kama anazungumzia magladieta au wahalifu waliohukumiwa kifo. Hao wa pili waliletwa uwanjani wauawe, na wageni wengi huwachanganya.