Desibeli sio asilimia jamani

Mtu katoka kupima masikio, karatasi mkononi, anakwambia "daktari kasema nimepoteza asilimia 45". Wa pembeni anampa pole, si bado umebaki na 55, zaidi ya nusu hiyo. Nimeshaisikia hii kwenye foleni za kliniki, kwenye magrupu ya WhatsApp, hadi kwa ndugu zangu wakinielezea mimi kwa wageni, na huwa nanyamaza. Leo sinyamazi, hiyo 45 ni desibeli.

Kifupi, desibeli inapima ukubwa wa sauti. Namba ya kwenye audiogramu, yaani hiyo karatasi yenye mchoro wa majibu, ni sauti ndogo kabisa uliyoweza kuisikia ukiwa kwenye chumba cha kupimia unabonyeza kitufe, kwa kila mlio, kuanzia mzito wa hezi 250 (hezi ni kipimo cha uzito au wembamba wa mlio) hadi mwembamba wa 8000. Kiduara ni sikio la kulia, x ni la kushoto. Basi, asilimia haimo humo.

Hata sifuri ya kwenye karatasi haimaanishi hakuna sauti. Ni wastani wa pale vijana wenye masikio mazima wanapoanza kusikia, ndo maana wapo wanaopata hasi 5 au hasi 10, sasa huyo tuseme amebakiwa na asilimia 110? Na huko chini karatasi nyingi zinaishia 120, sio 100.

Jina lenyewe lilitoka kwenye simu. Miaka ya 1920 wahandisi wa simu kule Marekani walikuwa wanapima sauti inavyofifia ndani ya waya mrefu, kipimo wakakipa jina la Alexander Graham Bell, beli moja ikaonekana kubwa mno wakaigawa kumi, ndo hiyo "desi". (Huyo Bell mama yake alikuwa hasikii vizuri, mkewe Mabel aliugua utotoni akawa kiziwi, na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa viziwi, ila viziwi wengi hawana hamu naye mpaka leo kwa jinsi alivyoipinga lugha ya ishara mashuleni.) Sasa kipimo chao hakijumlishi, kinazidisha. Kila ukipanda desibeli 10 nguvu ya sauti inakuwa mara kumi, kwahiyo anayeanza kusikia kwenye 40 anahitaji sauti yenye nguvu mara 10,000 ya yule wa sifuri, wa 60 mara milioni moja. Nusu ya nini hapo?

Mtaniambia nabishania hesabu. Haya, Shirika la Afya Duniani linaanza kuhesabu kwamba usikivu umepungua kiasi cha kukusumbua kimaisha pale unapopita 35 kwenye sikio lenye nafuu. Ukiisoma 35 kama asilimia unaona theluthi tu, unarudi zako nyumbani. Na bosi ukimwambia umepoteza asilimia 50 anajua akipaza kidogo yameisha, wakati maongezi ya kawaida ya watu walio karibu yanacheza hapo hapo kwenye 50, yaani bila mashine ya kusikia unaambulia vipande.

Halafu mstari wa kwenye audiogramu kwa wengi wetu haujanyooka, unaanza vizuri kwenye milio mizito unaporomoka kwenye myembamba. Irabu zinakaa zaidi kwenye mizito, kina s, f, sh na t wako huko kwenye myembamba, na Kiswahili kilivyojaa irabu unamsikia mtu kabisa anasema "-ika", ila ni fika, shika au pika hujui, unamkodolea mdomo unaotea. Mashine inasetiwa kwa kufuata huo mstari, inaongeza zaidi pale ulipoporomoka, ndo maana kumvisha bibi mashine aliyoacha marehemu babu bila kusetiwa upya anaishia kuivua na kuiweka kabatini.

Asilimia ipo, ila ya kipimo kingine, kile cha kusomewa maneno kwa sauti inayokutosha unayarudia wanahesabu uliyopatia. Watu wawili wa 45, mmoja anaweza kupatia karibu yote mwenzake nusu, na huyo wa nusu hata umnunulie mashine ya bei gani, sokoni atahangaika.

Kwahiyo ndugu yangu mwenye karatasi, ukiulizwa sema tu "kulia naanza kusikia kwenye 45, kushoto 60, chumbani kukiwa kimya nakupata, kwenye kelele nitazame ukiongea". Na ukitaka asilimia, muulize aliyekupima kama kile cha maneno alikufanyia.