Kushirikisha wananchi kwenye mipango ya mkoa: yanayosemwa na yalivyo kweli

Kila mada hii ikija kuna maneno yanarudiwa yaleyale, na mengi hayana kichwa wala miguu.

"Si mkutano ulifanyika? Basi wananchi wameshirikishwa."

Hapana jamani. Kuita watu ukumbini ukawasomea mpango ulioshasainiwa halafu ukauliza nani ana swali, hiyo ni taarifa tu. Sherry Arnstein, mtaalamu wa Marekani wa ushirikishwaji wananchi, alishalisema hili mwaka 1969, akachora ngazi ya vidato 8, chini kabisa kaweka kuwahadaa watu, katikati kuwapa taarifa na kuwauliza maoni, juu kabisa wananchi wenyewe ndio wenye kauli. Vikao vingi tunavyovijua haviendi zaidi ya hapo katikati. Mimi huwa naangalia kitu kimoja, siku mnayoitwa kuna chochote bado kinaweza kubadilika? Kama mkandarasi keshapatikana basi mmeitwa kupiga makofi.

"Mipango ni ya wataalamu, mtu wa kawaida ataelewa nini?"

Ataelewa akipewa muda. Jimbo la British Columbia kule Kanada mwaka 2004 lilichagua watu 160 kwa bahati nasibu, mwanamke na mwanaume kutoka kila jimbo la uchaguzi plus wawili wa jamii za wenyeji asilia, wakapewa mada kavu kabisa, mfumo wa kupiga kura. Wakafundishwa kwanza kwa miezi kadhaa, wakasikiliza maoni ya wenzao, wakabishana, mwisho wakatoka na pendekezo lao. Kura ya maoni ya 2005 ililipa asilimia 57.7, ila kizingiti kilikuwa 60 kwa hiyo likaanguka. Unaweza kulipinga pendekezo lenyewe ila huwezi kusema hawakuelewa walichokuwa wanafanya. Na mtaalamu hanyang'anywi kazi hapa, mhandisi ndiye atasema daraja libebe tani ngapi, lakini daraja lianze au hospitali ianze, hilo sio swali la uhandisi hata kidogo.

"Inachelewesha maendeleo."

Hii ina chembe ya ukweli, kusikiliza watu kunakula muda. Sasa angalia upande wa pili. Ujerumani kuna mradi wa reli na stesheni unaitwa Stuttgart 21, wapinzani wake walikuja kusikilizwa kwa maana wakati mambo yameshaiva, na Septemba 2010 polisi wakawapiga waandamanaji maji ya presha, zaidi ya watu 100 wakaumia. Ndio akaletwa msuluhishi, Heiner Geißler, mazungumzo yakarushwa laivu kwenye TV, halafu Novemba 2011 jimbo zima la Baden-Württemberg likapiga kura. Na unajua matokeo? Karibu asilimia 59 walikataa jimbo lijitoe kwenye kuugharamia mradi, yaani wengi walitaka mradi uendelee! Kwa hiyo ile kura haikuwa ya kuogopwa hata siku moja, ingeweza kuitishwa mapema kabla ya watu kuumizwa. Toscana, Italia, sheria yao ya 2013 inalazimisha mjadala wa wazi kwa miradi ya umma inayozidi euro milioni 50, na mjadala unafanyika mwanzoni mradi ukiwa bado mbichi.

"Maskini hawana muda wa vikao."

Porto Alegre, Brazili, walipoanza bajeti shirikishi, yaani wananchi wenyewe kuamua pesa ya mji iende wapi, mwaka 1989 watu wa kipato cha chini ndio walikuwa wanajaa, kwa sababu kilichokuwa mezani ni pesa yenyewe, lami ipite wapi, maji taka yaanzie mtaa gani. Meya wa wakati ule, Olívio Dutra, alipokuja kuwa gavana wa Rio Grande do Sul mwaka 1999 akaupeleka utaratibu huo ngazi ya jimbo zima. Kerala nchini India nao kuanzia 1996 walishusha asilimia 35 mpaka 40 ya fedha za mipango ya jimbo kwenda serikali za chini, watu wakajadili vipaumbele kwenye mikutano ya vijiji. Mtu anakacha kikao akishajua hakuna kitakachotoka pale, hata mimi ningekacha.

"Siku hizi weka fomu mtandaoni inatosha." Utawapata wenye bando na wenye hasira. Iwepo, ila isiwe peke yake.

"Ukiwashirikisha lazima ukubali kila wanachosema."

Hii ndio inawatisha viongozi wengi na haina msingi. Ostbelgien, eneo la wanaozungumza Kijerumani huko Ubelgiji, watu kama 80,000 tu, mwaka 2019 waliunda baraza la kudumu la wananchi 24. Baraza linachagua mada, halafu wananchi wengine wanaopatikana kwa bahati nasibu wanaijadili na kutoa mapendekezo kwa bunge lao. Wabunge wanaruhusiwa kukataa, ila wakikataa wanatakiwa waeleze sababu. Sehemu nyingi ni hiyo sababu tu inakosekana, maoni yanachukuliwa, karatasi za mahudhurio zinasainiwa, na ndio inakuwa mara ya mwisho kusikia habari zake.