Damu Inaporudi kwenye Ini: Seli Hujilindaje?

Katika upasuaji wa ini, mara nyingi mishipa inayolipelekea damu hubanwa kwa muda, mbinu iliyoelezwa na James Hogarth Pringle wa Glasgow mwaka 1908. Sisi tunaochunguza kiungo hiki tunajua kwamba sehemu kubwa ya madhara hutokea mishipa inapoachiliwa, katika dakika za mwanzo kabisa.

Oksijeni inapokosekana, kemikali iitwayo suksineti hurundikana ndani ya mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli. Damu ikirejea, suksineti hiyo huteketezwa kwa kasi mno, elektroni husukumwa kinyumenyume, na hapo huzaliwa molekuli kali za oksijeni. Wakati huohuo damu mpya huondoa asidi iliyokuwa imejikusanya, na asidi hiyo, ingawa wengi huiona kuwa ni sumu tu, ndiyo iliyokuwa ikizuia vitundu vya utando wa mitokondria visifunguke. Vikifunguka, nishati hukatika na seli hufa, ikimwaga protini ya HMGB1 ambayo huziamsha seli za Kupffer, yaani seli za kinga zinazoishi ndani ya ini, na kuvuta chembe nyeupe za damu, nazo huongeza uharibifu.

Ini lina ulinzi wake. Protini ya Nrf2, ambayo kwa kawaida hushikiliwa na protini nyingine, Keap1, ili ivunjwe, huachiliwa Keap1 inaposhambuliwa na molekuli hizo kali, kisha huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za glutathioni, kemikali inayozizima molekuli hizo, na za kimeng'enya cha heme oksijenesi-1. Kimeng'enya hiki huikata heme, sehemu ya hemoglobini yenye madini ya chuma, na mwishowe hupatikana bilirubini: rangi ileile ya manjano inayotutia hofu machoni mwa mgonjwa, kwa kiasi kidogo ndani ya seli ni mlinzi.

Tatizo ni kwamba jeni huchukua saa kadhaa kuzaa protini za kutosha, ilhali madhara huanza mara moja. Kwa hiyo naamini kwamba kuzuia molekuli kali zisizaliwe kuna manufaa kuliko kuzikimbiza zikishazaliwa. Katika upandikizaji, ini huweza kupitishiwa kimiminika baridi chenye oksijeni kabla ya kuunganishwa na mpokeaji, ili suksineti iteketee taratibu. Jaribio la mbinu hiyo lililoongozwa kutoka Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2021, likihusu maini ya watoaji wa viungo ambao moyo wao ulikuwa umesimama, lilionyesha kwamba mirija ya nyongo iliyosinyaa na kuleta dalili ilipungua kutoka asilimia 18 ya wagonjwa hadi asilimia 6.