Nzi wa Maembe Sio Wote Mmoja

Msimu wa maembe ukianza simu zetu sisi tunaotambua nzi wa matunda zinajaa picha, mtu kapasua embe kapiga picha funza anauliza huyu nzi gani, ukimwambia kwa picha haiwezekani anakasirika, eti nzi ni nzi tu. Jamani, sio. Funza wa nzi wa matunda wanafanana mno, na hata wakishaota mabawa kuna ndugu wanaomtoa jasho mtaalamu kwenye hadubini.

Chukua Ceratitis rosa, mmoja wa hao nzi wa matunda. Miaka yote tulimhesabu mmoja, mpaka 2013 watafiti walipopima mikrosatelaiti, yaani sehemu za DNA ambazo herufi zinajirudia CACACA na idadi ya marudio inatofautiana, wakakuta kundi la rosa na ndugu zake wawili, fasciventris na anonae, tulilolijua lina spishi 3, lina mafungu 5. Rosa peke yake alikuwa wawili, na 2016 wa pili akapewa jina lake, Ceratitis quilicii. Huyu anavumilia baridi kuliko mwenzake, kwa hiyo wewe wa mlimani usijione uko salama.

Wengine wanasema pimeni DNA mara moja mmalize. Baakodi ya jeni moja, yaani kusoma kipande kimoja tu cha DNA kumtambua mdudu, haitoshi hapa, hawa bado ni ndugu wa karibu mno, inabidi viashiria vingi vya DNA kwa pamoja na kila kimoja kijaribiwe kwa nzi wa sehemu tofauti tofauti, kisichotenganisha kinatupwa. Inachukua muda, tuvumiliane.

Na jina lina kazi. Methili ujenoli, chambo cha harufu cha kwenye mitego, inavuta dume la Bactrocera dorsalis, nzi mwingine wa maembe, rosa hana habari nayo, sasa ukitundika mtego huo ukakuta mtupu usitangaze shamba safi.

Ukileta sampuli, funza watie kwenye alkoholi ya asilimia 95 kwenda juu, FORMALINI HAPANA, inaharibu DNA. Karatasi ndogo iingie humohumo chupani, imeandikwa kwa penseli manake wino wa kalamu unayeyuka: tunda gani, kijiji, mwinuko, tarehe, kama ni nzi wa mtego basi na chambo. Chupa moja tunda moja, usichanganye embe na pera. Bila karatasi hatuwezi kusema nzi katoka wapi, na majibu hayatakusaidia.

Wasafirishaji, shehena ikikutwa na funza hai huko inakokwenda inaweza kuharibiwa au kurudishwa, hasara yako. Na tafadhali msituletee embe zima lenye funza hai kwenye basi, mnawasambaza njia nzima.