Sura ya hatia ya mbwa mchanga si ushahidi wa kosa

Wafugaji wengi huamini kwamba mtoto wa mbwa anayelaza masikio na kufyata mkia mbele ya kiatu kilichotafunwa anajua amekosa, na hivyo anastahili adhabu. Imani hiyo si sahihi. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alichapisha jaribio lililohusisha mbwa 14 waliokatazwa kula kitafunwa: sura hiyo ilijitokeza zaidi pale mwenye mbwa alipogomba, awe mbwa amekula au hajala, na ilikuwa kali zaidi kwa waliokaripiwa bila kosa. Mbwa anasoma hasira ya bwana wake, naye anajaribu kuituliza.

Ndiyo maana kumsugua pua kwenye mkojo wa saa moja iliyopita, desturi ya kikatili inayopaswa kuachwa, humfundisha kumwogopa mtu na kukojoa mafichoni. Mbwa mchanga huunganisha tendo na kile kinachofuata papo hapo: atolewe nje mara anapoamka na baada ya kula, asubiriwe kwa utulivu, na akimaliza tu, kabla hajageuka kurudi mlangoni, asifiwe na kupewa kipande kidogo cha nyama. Viatu navyo viwekwe juu.